Mabadiliko ndani ya kampuni: sababu ni ipi, aina ni ipi, na lianze lipi? (depo ya vipuri, Lubumbashi, Kongo RDC)

DepoKampemba ameuliza:

Jambo wandugu. Naomba msaada wa wale wanaojua uongozi wa kampuni, na si kwa maneno ya darasani tu.

Kampuni inauza na kutengeneza vipuri vya kamio kubwa (malori) na pampu: filta, beringi, mipira ya haidroliki, oili. Wateja wengi ni wale wanaofanya kazi migodini upande wa Likasi na Kolwezi. Tuko wafanyakazi 58. Depo kubwa iko Kampemba, karakana ndogo iko Likasi, na watu watatu wako Kasumbalesa kupokea mizigo mpakani.

Mambo manne yametufikia pamoja. La kwanza, vitu vilivyo kwenye rafu havilingani na vilivyo kwenye vitabu, na tofauti inakua kila tunapohesabu. La pili, kila boni (karatasi ya kuruhusu) ya kununua lazima isainiwe na mkurugenzi, hata ya dola 40, na akisafiri kazi inalala. La tatu, mteja mkubwa ametutaka tuonyeshe karatasi za mtaji, nani ana hisa ngapi, kwa ajili ya ile sheria ya sutretansi, yaani kazi ambazo kampuni moja huipa kampuni nyingine iifanyie. La nne, faida imepungua na wenye kampuni wanasema watu wamezidi, 9 waondoke.

Mpango uliopo mezani ni huu: kabla ya mwisho wa mwezi wa 6 tununue programu ya stoki, tugawe kampuni katika idara tano, tupunguze watu 9, na tupange upya karatasi za mtaji. Vyote kwa wakati mmoja. Natakiwa kuandika waraka wa kikao unaoeleza sababu za mabadiliko na aina zake.

Je, hili ni badiliko moja au manne? Lipi litangulie? Na programu itaponya depo kweli?

---

MpangoKatuba amejibu:

Mama, ni manne. Na moja kati ya hayo manne si badiliko, nitalifikia.

Kosa linaloharibu mipango ya namna hii ni kuandika dawa kwenye nafasi ya sababu. Ukiandika "sababu: hatuna programu", umeshaamua kununua kabla hujapima. Sababu ni kitu kilichotokea au kinachoendelea kutokea. Kukosa kitu si sababu. Kwa hiyo chukua karatasi, andika dalili moja juu, kisha uliza "kwa nini" mpaka ufike mahali ambapo kuna mtu, karatasi au siku unayoweza kuonyesha kwa kidole. Hapo ndipo pa kusimama.

Tuchukue depo. Chagua vitu 20. Kumi vianzie kwenye rafu kwenda kitabuni, kumi vianzie kitabuni kwenda kwenye rafu. Usifanye upande mmoja tu: kuanzia rafuni kunafichua vilivyoingia bila kuandikwa, kuanzia kitabuni kunafichua vilivyotoka bila kuandikwa. Kwa kila kimoja chenye tofauti, tafuta boni ya mwisho ya kutoka na usome mambo matatu: saa ya boni, saa ambayo gari lilipita getini kwenye daftari la mlinzi, na sahihi. Mara nyingi utaona hivi: gari limepita saa 1:20 asubuhi, boni imeandikwa saa 5, sahihi ni ya mkurugenzi na ina tarehe ya kesho yake. Maana yake mteja alikuwa na mashine imesimama, mtunza depo akatoa kitu kwa neno la mdomo, karatasi ikafuata baadaye. Na siku nyingine haikufuata.

Ukikuta hivyo, tofauti ya stoki (jambo la kwanza) na sahihi ya mkurugenzi (jambo la pili) ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Programu haitautibu. Itaandika makosa yaleyale kwa haraka zaidi, tena kwa herufi nzuri ambazo watu huziamini.

Sasa sababu. Kawaida zinagawanywa za nje na za ndani, na mgawanyo huo una faida moja tu, lakini kubwa: unakuambia unaweza kuamua nini. Sababu ya nje ni sheria, bei ya shaba na kobalti inayofanya wateja wako wapunguze oda, mpaka kufungwa, mshindani kuleta bidhaa ileile kwa bei ya chini, teknolojia kubadilika. Hapo huchagui kama ubadilike, unachagua namna na wakati. Sababu ya ndani ni kukua kwa kampuni, mwenye mali kubadilika, mtu muhimu kuondoka, makosa yanayojirudia, watu kuchoka. Hapo unachagua vyote.

Kesi yenu ya sahihi ni ya ndani, na inajulikana sana. Larry Greiner aliandika mwaka 1972 kwamba kampuni inayokua hupita awamu, na kila awamu huishia kwenye mgogoro unaozaliwa na kilekile kilichoikuza. Mwanzoni inakuzwa na ubunifu wa mwanzilishi, mpaka inakosa uongozi wenye utaratibu. Kisha inakuzwa na kiongozi mmoja anayeelekeza kila kitu, mpaka walio chini wanabanwa na kungoja. Dawa ya hapo ni kugawa mamlaka, nayo baadaye italeta shida yake, ya kila mtu kwenda kwake, na udhibiti utatafutwa upya. Nyinyi mko kwenye ule mbano wa pili. Hakuna aliyekosa hapo: mkurugenzi anafanya kilekile kilichoifikisha kampuni kwenye watu 58.

Aina za mabadiliko zipange kwa maswali matatu, usizichanganye.

Ni kubwa kiasi gani? Kuna la hatua kwa hatua, ambapo kazi ni ileile na inaboreshwa. Kuna la mpito, ambapo unajua unatoka wapi na unafika wapi (fishi za karatasi, yaani kadi za stoki, kwenda programu). Na kuna la mgeuko, ambapo kampuni yenyewe inakuwa kitu kingine, na mwisho wake hauonekani wote wakati wa kuanza.

Limepangwa au limelazimishwa? La karatasi za mtaji limelazimishwa. Mengine mnayapanga wenyewe.

Linagusa nini? Mkakati, muundo, taratibu, teknolojia, au watu na desturi zao. Badiliko moja linaweza kugusa viwili, lakini lazima ujue kipi kinavuta kingine. Kwenu muundo unavuta taratibu, na taratibu zinavuta teknolojia. Mpango wenu umeanzia mkiani.

Na lile ambalo si badiliko ni kupunguza watu 9. Hilo ni tokeo. Linaweza kuwa tokeo sahihi, lakini hakuna anayejua bado kazi itabaki kiasi gani baada ya sahihi kugawanywa na depo kunyooka. Namba 9 imetoka wapi? Kama imetoka kwenye mshahara unaotakiwa kuokolewa, isemwe hivyo kwenye waraka, isivikwe nguo ya "muundo mpya".

Kuhusu kugawa sahihi, njia ni hii. Toa boni zote za kununua za miezi mitatu. Zipange kutoka ya fedha kubwa hadi ndogo. Tafuta kiwango ambacho boni nane katika kumi ziko chini yake, kisha ujumlishe fedha za hizo nane uone ni sehemu gani ya manunuzi yote. Utaona ni sehemu ndogo, na ndiyo hoja yako mbele ya mkurugenzi: anatumia kalamu yake yote kulinda sehemu ndogo ya fedha. Hapo weka ngazi. Mfano tu, namba ziwe zenu: hadi dola 300 mkuu wa depo, kutoka 300 hadi 2,000 mkuu wa manunuzi pamoja na mhasibu, zaidi ya hapo mkurugenzi. Kwa kila ngazi taja jina la anayeshika nafasi mtu akiwa hayupo, la sivyo mmehamisha msongamano tu.

Hatari yake ni oda kukatwa vipande: boni mbili za dola 290, siku moja, kwa muuzaji mmoja. Kila Jumatatu mhasibu atoe orodha ya boni za wiki kwa muuzaji mmoja mmoja, mkurugenzi aisome kwa dakika kumi. Anabaki na jicho, anaacha kalamu.

Idara tano kwa watu 58, tena watatu wako mpakani? Mimi naona ni nyingi. Tatu zinatosha: biashara, depo na manunuzi, karakana. Hesabu na watu vikae chini ya mkurugenzi.

---

FishiNaBoni amejibu:

Yaya (mkubwa wetu) MpangoKatuba amesema kweli kuhusu boni. Mimi nitaongeza upande wa programu, kwa sababu itanunuliwa tu, na ni afadhali inunuliwe vizuri.

Programu nyingi za stoki hufia kwenye vipimo. Mfano ni mpira wa haidroliki. Unanunuliwa kwa rola, tuseme rola la mita 50, unauzwa kwa mita. Aliyepokea anaingiza "1". Aliyetoa anaandika "3.5". Kesho yake mashine (kompyuta) inaonyesha stoki ya mpira ni kasoro mbili na nusu, na hapo wafanyakazi wanaanza kusema programu ni mbovu. Kila kitu kiwe na kipimo cha kununulia, kipimo cha kutolea, na namba ya kugeuzia, na hiyo namba ifungwe, mtu wa depo asiweze kuibadilisha.

Oili vilevile. Pipa la kawaida lina lita 208. Watu wengi huandika 200 kwa kuzungusha. Basi kitabu kikifika sifuri, bado kuna lita 8 ndani ya pipa ambazo hazimo popote. Kwa mapipa 12 ni lita 96. Oili isiyo kwenye kitabu haina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakilali depo. Soma lita zilizoandikwa kwenye pipa la muuzaji wako uweke hizohizo.

La pili ni majina. Filta moja inaitwa kwa namba ya mtengenezaji kwenye faktire (ankara) ya kununua, kwa jina la kamio kwenye fishi, na kwa jina la fundi kwenye boni ya karakana. Hapo una vitu vitatu kwenye mashine na kimoja kwenye rafu. Kusafisha orodha ndiyo kazi ndefu kuliko zote. Muweke mtunza depo na fundi mmoja mezani pamoja, na kipuri chenyewe mkononi, si karani peke yake na kompyuta. Kitu kimoja, namba moja, na majina ya mtaani yaingizwe kama majina ya kutafutia.

Kisha kuhesabu. Fungeni mlango Ijumaa saa 10 jioni, na wateja waambiwe wiki mbili kabla. Vitu vilivyofika bila faktire wekeni pembeni na kamba nyekundu, vilivyokwisha kulipwa lakini mteja hajachukua wekeni pembeni na kamba ya rangi nyingine: hivyo viwili ndivyo vinavyoharibu hesabu ya kuanzia. Timu mbili za watu wawili. Timu ya pili isione karatasi ya timu ya kwanza, na karatasi zote mbili zisiwe na idadi ya kitabuni, kwa sababu mtu akiiona 24 atahesabu mpaka ipatikane 24. Zikitofautiana, hesabu ya tatu ifanywe na mhasibu akiwepo. Jumapili jioni orodha isainiwe na watatu.

Baada ya hapo fishi za karatasi na programu vitembee pamoja mwezi mmoja mzima, pamoja na kufunga hesabu za mwezi. Kila siku chagueni vitu 10, mlinganishe rafu, fishi na mashine. Nisingeacha karatasi mpaka vitu 98 katika 100 vilingane. Vikiwa chini ya 95, simama utafute ni mlango gani unavuja kabla ya kuendelea.

Lakini angalia: kutembea pamoja ni kwa stoki tu. Faktire za mteja zisitoke kwenye mifumo miwili hata siku moja. Mna TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu yake, na faktire mbili zenye namba moja, au namba inayoruka, itawagharimu maelezo marefu kwa watu wa kodi. Faktire zihame siku moja, tarehe 1 ya mwezi, asubuhi, na kitabu cha zamani kifungwe kwa mstari na sahihi.

Umeme ukikatika, mtunza depo awe na kitabu cha boni zenye namba zilizochapwa tayari. Atoe kitu kwa boni, umeme ukirudi aingize siku hiyohiyo, namba ya boni iingie kwenye mashine. Jioni mtu mwingine aangalie kama namba zimefuatana. Na aliyeingiza mapokezi asiwe na ruhusa ya kurekebisha idadi. Hicho ni kifungo kimoja tu kwenye programu, na wauzaji wengi huwaachia wote kimefunguliwa.

---

HakiYaKazi amejibu:

Nazungumzia wale 9, kwa sababu hapa kampuni nyingi hukosea hata nia ikiwa nzuri.

Sheria ya kazi ya nchi yetu (ya 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016) inaruhusu kupunguza watu kwa sababu ya kazi kushuka au kupanga upya mambo ya ndani. Lakini kifungu cha 78 kinaweka mwenendo. Mwajiri anawaandikia kwanza wajumbe wa wafanyakazi, kwa barua, akusanye mawazo yao. Anapanga orodha ya nani atangulie kwa kuangalia ufundi wa mtu, miaka yake ndani ya kampuni, umri na mzigo wa familia. Nani anapendwa na mkuu wake hakumo kwenye orodha hiyo. Na idadi ikiwa kubwa hadi kuhesabiwa kuwa ni kufukuza kwa wingi, inatakiwa ruhusa ya waziri wa kazi. Kwa hiyo namba 9 ipelekwe kwa mkaguzi wa kazi kabla haijatamkwa kwenye kikao cha wafanyakazi.

Preavi (muda wa taarifa kabla ya kumwachisha mtu kazi) kwa mkataba usio na mwisho haipungui siku 14 za kazi, ongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mtu wa miaka 6 ni 14 na 42, siku 56 za kazi. Mtu wa miaka 19 ni 14 na 133, siku 147. Hicho ni kiwango cha chini, makubaliano yenu ya kampuni yanaweza kutoa zaidi. Piga hesabu hiyo kwa kila mmoja wa hao 9, ongeza likizo zisizochukuliwa, kisha uangalie tena kama kuna akiba yoyote mwaka huu. Mara nyingi akiba inaanza kuonekana mwaka wa pili.

Kama karatasi za mtaji zitabadilisha mwenye kampuni, kumbukeni kifungu cha 80: mwajiri akibadilika kwa mauzo, urithi au kuungana, mikataba ya kazi inaendelea na mwajiri mpya. Miaka ya mtu haianzi upya.

Kuna jambo la wakati pia. Mkitangaza kupunguza watu wiki ileile mnayohesabu depo, hesabu itakuwa ya uongo. Mtu anayeogopa haonyeshi kosa lake. Anaficha boni, anasawazisha rafu usiku, na anayejua majina yote ya filta anakaa kimya kwa sababu ukimya wake ndio ulinzi wake.

Katika mji huu tumeona badiliko la mgeuko kwa ukubwa wake wote. Kampuni ya migodi iliyozaliwa mwaka 1906 kama Union Minière, ikataifishwa mwaka 1967 na kuwa Gécamines baadaye, katika miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na uzalishaji ukaanguka miaka iliyofuata. Sababu za ndani na za nje zilikutana: mashine bila vipuri, fedha za kampuni kuchukuliwa na serikali, siasa, bei ya soko. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa kuondoka kwa hiari, na zaidi ya watu 10,000 wakaondoka, wengi wakiwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Kwenye karatasi lilikuwa badiliko la muundo wa kampuni. Lakini kampuni ile ilikuwa pia shule, hospitali na chakula cha nyumbani, kwa hiyo lilibadilisha mitaa mizima. Nalitaja ili waraka wako, mama, uwe na ukurasa mmoja unaojibu: mbali na mshahara, mtu huyu anategemea nini kwetu? Matibabu ya familia? Mkopo wa nyumba unaokatwa kila mwezi? Hayo yana tarehe zake za kumalizika, nayo yapangwe.

---

DepoKampemba ameandika:

Aksanti sana wote. Nimefanya ile ya vitu 20 jana na leo. Vitu 7 vina tofauti, na katika hivyo 5 boni iliandikwa baada ya gari kupita getini. Kwa hiyo yaya ameona kutoka mbali.

Swali lililobaki: mtunza depo wetu ana miaka 19 kazini. Anajua kila kitu kilipo hata gizani. Hataki kusikia habari ya kompyuta. Nimsukume, nimhamishe, au nimwache na fishi zake?

---

MpangoKatuba amejibu:

Usimsukume kwanza. Kurt Lewin alieleza, katika miaka ya 1940, kwamba hali ya kazi iliyotulia inashikwa na nguvu mbili zinazokabiliana: zinazosukuma mbele na zinazozuia. Ukiongeza msukumo bila kugusa kizuizi, mvutano unapanda, na siku utakayogeuza kichwa mambo yanarudi palepale. Ukiondoa kizuizi, msukumo uliopo unatosha.

Basi tafuta kizuizi ni kipi, maana "hataki" ni neno linaloficha mambo matano tofauti. Hajui kwa nini tunabadilika. Anajua, lakini haoni faida yake. Anataka, lakini hajui namna. Anajua namna, lakini mkono haujazoea, au macho hayaoni herufi ndogo za kioo cha kompyuta. Au anaweza, lakini kila akifanya vizuri hakuna anayeona na akikosa anagombezwa mbele ya vijana. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu kwa jingine. Kumpeleka mafunzo mtu asiyejua sababu ni kumfedhehesha. Kumweleza sababu mara ya nne mtu ambaye haoni kioo ni kumchosha.

Jaribio rahisi: kaa naye asubuhi kabla wateja hawajafika. Mwombe aingize mapokezi ya filta kumi, wewe ukikaa kando bila kushika kitu. Tazama mkono unasimama wapi. Akisimama kwenye kutafuta jina la kitu, kosa ni orodha yenu. Akisogeza uso karibu na kioo, ni miwani na herufi kubwa. Akifanya vyote vizuri na bado anasema hataki, basi muulize anaogopa kupoteza nini. Kwa mtu wa miaka 19, jibu mara nyingi ni heshima: watu wanakuja kwake kwa sababu yeye ndiye kitabu.

Hapo mpe kazi ya kusafisha orodha, ile aliyoieleza FishiNaBoni. Kila namba mpya ipite kwake na isainiwe naye. Kijana apige herufi, mzee aamue. Baada ya wiki tatu orodha ni yake, na mtu hapigi vita kitu chake mwenyewe.

Kumhamisha sasa ni kosa la fedha pia. Anayoyajua hayajaandikwa popote.

---

StatutiLushi amejibu:

Kuhusu mtaji, kwa ufupi. Sheria namba 17/001 ya 8 Februari 2017 inaweka kazi za sutretansi kwa kampuni ambazo mtaji wake kwa wingi uko mikononi mwa Wakongomani, na ARSP, mamlaka ya serikali ya sutretansi, ndiyo inayosimamia. Kwa hiyo hapa sababu ni ya nje na ya kisheria, haihitaji mjadala mrefu kwenye waraka. Andika mistari minne.

Kinachohitaji mjadala ni namna. Kama nyinyi ni SARL (kampuni ambayo wenye hisa hawawajibiki zaidi ya walichoweka), mko chini ya sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambao nchi yetu iliingia rasmi tarehe 12 Septemba 2012. Kubadili statuti (katiba ya kampuni) kunahitaji wenye hisa wanaobeba angalau robo tatu ya mtaji. Anzeni na daftari la hisa: wengi wana statuti ya siku ya kuanzisha, lakini hisa ziliuzwa au kurithiwa baadaye bila kuandikwa kwenye RCCM (daftari rasmi la biashara). Mteja akilinganisha karatasi mbili zisizokubaliana, anasimamisha mkataba kabla hata hajauliza nani ni Mkongomani. Na msiweke jina la mtu kwenye hisa kwa kuazima. Mwenye jina ndiye mwenye kura, na siku ya robo tatu mtamhitaji.

Hili litembee sambamba na mengine, kwa sababu linagusa watu tofauti: wenye hisa, notari, mhasibu. Halichukui muda wa depo.

---

FishiNaBoni amejibu:

Mama, katika vile vitu 7, angalia pia vile 2 ambavyo boni zake ziliandikwa kwa wakati. Hivyo ndivyo vitakavyokuambia kama una shida nyingine chini ya hii. Kama ni mpira au oili, ni vipimo. Kama ni filta, angalia majina mawili. Kama ni beringi, fungua boksi zilizo nyuma ya rafu, moja moja, na uangalie kama zina kitu ndani.